Daftari la Zahanati Halina Majina Yote

Mtu akitaka kujua wilaya yake inaugua nini, hulifungua daftari la zahanati. Daftari hilo lina kweli yake, lakini ni kweli ya waliofika. Mtoto aliyefia nyumbani usiku, mbali na mganga, jina lake halimo. Na kadiri kijiji kilivyo mbali na maskini, ndivyo majina yake yanavyokuwa machache, hata mpangaji wa fedha aliyekaa mjini akadhani huko watu ni wazima.

Katika miaka ya 1990, Wizara ya Afya, ikisaidiwa na Kanada, ililijaribu jambo hili katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Rufiji ya wakati huo ilichukua pia Kibiti na vijiji vya delta, ambako mgonjwa huletwa kwa mtumbwi. Huko wadadisi walipita nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi 4, wakiandika waliozaliwa, waliohama na waliokufa. Palipotokea msiba, aliyeuguza aliulizwa: homa ilianza lini? Mtoto alikuwa akipumua vipi? Mlimpeleka wapi kwanza? Kazi hii haina mashine. Ina ustahimilivu na adabu, maana anayeulizwa mara nyingi ni mama aliyefiwa.

Kisha haikuhesabiwa idadi ya vifo peke yake, bali miaka ya uhai iliyopotea, kwani anayekufa na miaka 2 amepoteza mingi kuliko mzee wa miaka 70. Kwa kipimo hicho, malaria ilichukua kama asilimia 30 ya miaka iliyopotea Morogoro Vijijini, ilhali bajeti ya afya ya mwaka 1996 iliitengea asilimia 5 tu. Tatizo halikuwa wizi. Mafungu yalifuata mazoea ya mwaka uliotangulia, na mazoea hayaendi mazishini.

Wilaya hizo zilipewa nyongeza ndogo, kama dola 1 ya Marekani kwa mkazi kwa mwaka, zikaielekeza kulikokuwa na vifo: vyandarua vyenye dawa, na mafunzo ya kumwangalia mtoto mgonjwa mwili mzima, si kikohozi chake tu. Katika miaka kama 5, vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Vyandarua vilikuwa vikienea kwa njia nyingine pia, kwa hiyo si haki kuupa mpango huo sifa zote. Hata hivyo, sehemu yake si haba.

Sisi wa mijini tusijione tumesalimika. Hesabu ya namna hiyo iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1992 ilionyesha kwamba kiharusi kiliwaua watu wa umri wa kufanya kazi kwa kiwango kikubwa kuliko Uingereza. Basi akibisha hodi mdadisi na karatasi zake, akakuuliza marehemu baba alilegea upande upi kabla ya kukata kauli, mpe kiti, umjibu.