Nani Yuko Zamu ya Simu?

Imekuwa desturi siku hizi, kila inapofanyika semina ya afya, msemaji mmoja kusimama mbele ya wajumbe, akainua simu yake juu na kutangaza kwamba hospitali sasa imo kiganjani mwa mwananchi. Wajumbe hupiga makofi, kisha huenda kunywa chai. Sisi tunaoishi huku Isansa, wilayani Mbozi, nje ya barabara kuu iendayo Tunduma, tungependa kumwuliza msemaji huyo swali moja kabla hajaketi: ujumbe ukitumwa saa nane za usiku, nani anaujibu?

Swali hili si la mzaha, wala haliulizwi na mtu anayechukia maendeleo. Mwandishi wa makala haya ni mkulima wa kahawa, na simu anaitumia kama wenzake wote. Bei ya kahawa tunaijua kwa simu, ada ya mtoto tunailipa kwa simu, na msiba uliotokea Mlowo asubuhi tunaupata kabla ya jua kutua. Ni kwa sababu tunaijua simu ndiyo maana hatukubali kudanganywa nayo.

Wakati wa mvua zilizopita, binti wa jirani yangu, aliyekuwa na mimba ya miezi minane, aliamka usiku akilalamika kichwa. Uso ulikuwa umemvimba, miguu haiingii kwenye kandambili, na macho yalikuwa yanaona ukungu. Dada yake, ambaye ndiye mwenye simu janja katika nyumba ile, alipiga picha ya miguu, akaiandikia maelezo na kuituma katika kundi la WhatsApp ambalo muuguzi mmoja aliwaunganisha humo kina mama wa kliniki. Zahanati yenyewe sitaitaja, maana kosa hili si lake peke yake. Ndani ya nusu saa majibu yalikuwa yamejaa: huyu anatoa pole, yule anaomba dua, wa tatu anashauri majani ya kuchemsha, na mmoja, bila haya, anatangaza vitenge vyake. Muuguzi hakujibu. Bando lake lilikuwa limekwisha tangu jioni, na yeye mwenyewe alikuwa amelala fofofo kwa kuwa usiku uliotangulia alikesha akizalisha. Nyumbani wakasubiri. Walisubiri kwa sababu ujumbe ulikwisha kwenda, na mtu aliyekwisha kutuma ujumbe huamini kuwa amekwisha kutoa taarifa. Kulipokucha walimpakia kwenye bodaboda, wakapita naye matopeni hadi kituoni, presha ikapimwa, rufaa ikaandikwa. Mama alipona. Mtoto tulimzika Jumamosi.

Hakuna mtu katika nyumba ile aliyepiga 115. Namba hiyo ni ya bure, nayo ni ya mpango wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa na Rais Samia Suluhu Hassan mwaka 2022 kwa ajili ya kuwasafirisha wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga wanapopatwa na dharura. Katika mpango huo yupo mtu wa zamu anayepokea simu, anayeuliza dalili kwa utaratibu, na gari la wagonjwa lisipopatikana humtuma dereva wa jamii ambaye nauli yake hulipwa kwa simu. Lakini kina mama wale walikuwa wamezoeshwa kundi. Kundi ndilo lililowatumia tarehe za kliniki, kundi ndilo lililowajibu maswali yao ya mchana, basi usiku nao wakagonga mlango walioonyeshwa. Mlango ule haukuwa na mtu nyuma yake.

Wako watakaosema alaumiwe muuguzi. Mimi nasema hapana. Muuguzi wa zahanati ya kijijini huchoma sindano za watoto asubuhi, hujaza madaftari mchana, huzalisha usiku, na juu ya mzigo huo tumemtwika kazi ya kuwa opereta wa simu. Simu ni yake. Bando analinunua kwa mshahara wake. Chaji huitafuta anakojua. Jina lake halimo katika ratiba yoyote ya zamu ya simu kwa kuwa ratiba hiyo haipo. Tungeona aibu kumwambia muuguzi anunue kwa fedha zake pamba na sindano za serikali. Mbona hatuoni aibu tunapomwambia anunue njia ya kuwasiliana na mgonjwa, kisha tukaenda semina kujisifu kwamba wilaya imeingia katika afya ya kidijitali?

Wasomaji wenye umri watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Redio ni chombo kisichoweza kumsikia mwananchi hata kidogo, huongea tu. Hata hivyo karibu watu milioni 2 walishiriki kampeni ile na vyoo vikachimbwa nchi nzima, kwa sababu mbele ya kila redio palikuwa na kikundi, na ndani ya kila kikundi palikuwa na kiongozi aliyefundishwa, mwenye kitabu mkononi, aliyejua kipindi kikiisha ni nani anashika jembe. Wakubwa wa leo wamechukua redio wakamwacha kiongozi wa kikundi.

Majirani zetu wa Kenya walilielewa jambo hili mapema. Kati ya mwaka 2007 na 2010, katika kliniki tatu za Nairobi na Kajiado, wagonjwa 538 walioanza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilihudumiwa kama kawaida. Fungu la pili lilitumiwa kila wiki ujumbe mfupi wa neno moja: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya saa 48, ama "Sawa" ama "Shida". Aliyejibu "Shida", na vilevile asiyejibu kabisa, alipigiwa simu na mhudumu wa afya. Baada ya mwaka mmoja, waliotumia dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62 katika fungu lililoulizwa, na asilimia 50 katika fungu jingine. Ambao virusi vyao vilikuwa vimefubazwa walikuwa asilimia 57 dhidi ya 48. Msomaji na atazame vizuri kilichofanyika pale. Hapakuwa na programu ya kupakua, wala bando, wala simu janja. Neno lenyewe ni salamu ya mtaani ambayo kila kijana wa Vwawa huitoa bure. Kilichowasaidia wale wagonjwa ni ahadi iliyokuwa nyuma ya salamu, yaani kwamba kimya chako kitamfanya mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo akutafute.

Hapa kwetu nako tulijaribu mambo ya maana, tukayasahau. Kuanzia mwaka 2009 hadi 2010, katika wilaya za Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini, vituo 129 viliulizwa kila wiki kwa ujumbe mfupi vimebakiwa na dawa ngapi za malaria. Mhudumu aliyejibu aliongezewa salio katika simu yake, na takwimu zikaonekana kwa mganga mkuu wa wilaya, mwenye uwezo wa kuhamisha dawa kutoka kituo kilichojaa kwenda kituo kilichokaukiwa. Mwanzoni vituo 78 katika kila 100 vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja ya dawa hizo. Wiki ya 21 vilikuwa 26. Salio la mhudumu lilihesabiwa kuwa gharama ya kazi. Halikuhesabiwa kuwa hisani yake kwa taifa.

Kwa upande mwingine, ipo huduma ya Wazazi Nipendeni iliyoanza mwaka 2012, ambayo mjamzito alituma neno MTOTO kwenda 15001 akapokea mafunzo bila malipo. Ilikuwa huduma nzuri ya kufundisha, wala sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na wale wanaohesabu meseji zilizotumwa kana kwamba ni wagonjwa waliotibiwa.

Tena tusijidanganye kwamba kinachofaa mjini kitafika shamba chenyewe. Mwaka 2009 huko Zanzibar wajawazito 2,550 wa vituo 24 waliingizwa katika utafiti; baadhi ya vituo vikatumia ujumbe mfupi na vocha za kuwawezesha akina mama kumpigia mhudumu. Waliozalishwa na mtaalamu walikuwa asilimia 60 katika vituo vyenye simu, na 47 katika visivyo nazo. Lakini faida hiyo ilionekana kwa wanawake wa mjini. Kwa wanawake wa vijijini haikuonekana. Kama ilikuwa hivyo Unguja, kisiwa ambacho gari hukivuka kwa saa chache, itakuwaje kwetu huku wakati wa mvua?

Kuna jambo la siri, nalo linanikera kuliko yote. Picha ya miguu ya binti yule ilionwa na kundi zima, na kufikia mchana ilikuwa imefika Tunduma, kwa watu wasiomjua hata jina. Alikuwa na presha. Angekuwa na ugonjwa mwingine je? Tunduma ni mji wa mpakani, wa madereva wa malori wanaolala foleni wakisubiri kuvuka kwenda Zambia. Dereva anayetumia dawa za kufubaza virusi akianzia safari Dar es Salaam anaweza kuishiwa vidonge akiwa Nakonde, na ndiye hasa anayehitaji kuulizwa "Mambo?" kila wiki popote alipo. Lakini mtu huyo hatajiunga na kundi ambamo shemeji yake naye yumo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika mwaka 2023, na taarifa za afya imezitaja kuwa nyeti. Je, ni zahanati ngapi zimesomewa sheria hiyo? WhatsApp yenyewe ni mali ya kampuni ya Marekani; ikiamua kesho kubadili masharti yake haitauliza ruhusa Mbozi.

Sisemi makundi yafungwe. Wapo waganga wanaotaka yapigwe marufuku kwa hoja kwamba ugonjwa haupimwi kwa picha. Kweli haupimwi. Lakini waganga hao hawajamsikia bibi asiyejua kusoma akieleza homa ya mjukuu wake kwa ujumbe wa sauti, kwa Kinyiha safi, kwa muuguzi anayekijua. Bibi huyo hakuwahi kuandika barua maishani mwake, na kwa mara ya kwanza anaweza kuuliza swali kabla ya kutembea. Faida hiyo ni kubwa mno kuitupa.

Kinachotakiwa ni kazi hii kufanywa kazi. Zahanati iwe na simu yake, iliyo katika orodha ya mali ya umma pamoja na kitanda na mizani, ibaki zahanati hata muuguzi akihama. Salio lake liwe katika bajeti. Ujumbe wa mgonjwa umfikie mhudumu peke yake. Mwenye simu ya tochi ahudumiwe sawa na mwenye simu janja. Na liwepo jina la mtu wa zamu, asipokuwepo, simu ijibu yenyewe kwa maneno machache: "Hakuna mhudumu sasa. Kama ni dharura ya mjamzito au mtoto mchanga, piga 115." Kwa maneno hayo, binti wa jirani yangu angeweza kuondoka nyumbani saa nane na nusu badala ya saa kumi na mbili na nusu.

Nitaambiwa fedha hakuna. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye shabaha ya kuwapata zaidi ya 137,000 katika miaka mitano. Watu wanaandaliwa, basi. Wapewe na zamu ya simu iandikwe katika kazi zao, si wabebeshwe kimyakimya kama alivyobebeshwa muuguzi.

Rasimu ya bajeti ya halmashauri itakapofika mbele ya baraza la madiwani la Mbozi, diwani mmoja tu anatosha kusimama na kuomba asomewe kifungu cha mawasiliano cha kila zahanati: simu ipo, salio ni la nani, na jina la mtu wa zamu ya usiku limebandikwa wapi? Jirani yangu amesema atakwenda kukaa kwenye viti vya wasikilizaji siku hiyo. Nauli nimemwahidi mimi.