Shogun 2: Mchezo unaohesabu mchele, unamsahau mkulima

Mtu wa Ifakara akifungua Total War: Shogun 2, kitakachomgusa mapema huenda si upanga, ni mchele. Fedha ya mchezo huu wa kompyuta wa mwaka 2011 inaitwa koku, kipimo cha zamani cha Japani: mchele wa kumlisha mtu mmoja mwaka mzima.

Hapo ndipo penye utamu. Ukiboresha mashamba, hazina inajaa. Ukikimbilia ngome kubwa, zinakula akiba ya chakula, na ikipungua, raia wanaanza vurugu. Bonde la Kilombero halihitaji kufundishwa hilo.

Kasoro zipo. Majeshi ya koo mbalimbali yanafanana mno. Halafu ukishapata sifa kubwa, karibu kila ukoo unakugeuka, hadi washirika wako, eti kwa kuwa umefanikiwa! Inachosha.

Kasoro nzito zaidi ni namna uchungu wa vita unavyoishia kwenye namba. Toleo la Fall of the Samurai la 2012 linaweka bunduki za Gatling mbele ya mikuki. Ukishindwa, unaanza upya. Agosti 30, 1905, wapiganaji wa Maji Maji, Wapogoro na Wambunga, walilivamia boma la Mahenge, kusini mwa Mto Kilombero, wakapokelewa na bunduki za rashasha. Baadaye Wajerumani wakachoma mazao na maghala. Njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi.

Kwenye Shogun 2, shamba likiharibiwa unatoa koku kadhaa, linakarabatiwa.