Kompyuta Isipoteze Jina Lake kwa Fundi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii, anayoijua kila mwenye duka na kila karani wa bohari hapa visiwani, leo inapasa kusomwa upya katika kila ofisi ya umma yenye kompyuta.

Kompyuta mpakato zimeenea katika skuli, vituo vya afya na idara za Serikali, Unguja na Pemba. Hewa ya chumvi, unyevunyevu na umeme wa kupanda na kushuka haviziachi salama. Mara nyingi kinachokufa ni ubao mkuu, ambao mafundi wetu huuita madabodi. Fundi huutoa, akatia mwingine, kompyuta ikawaka, na ofisi ikatoa shukrani. Lakini kabla ya shukrani hizo liko suala moja la kuulizwa: je, kompyuta iliyorudi ni ile ile iliyokwenda?

Suala hili si la mzaha. Kila kompyuta hupewa jina lake kiwandani: nambari ya siriali, nambari ya aina yake, na kitambulisho kirefu cha biti 128 kinachokusudiwa kisifanane na cha mashine nyingine yoyote. Karatasi iliyobandikwa chini huonyesha sehemu tu ya hayo. Jina lenyewe limeandikwa katika kumbukumbu ya kudumu iliyomo kwenye ubao mkuu, pamoja na anwani ya tundu la waya wa mtandao. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, ufunguo wa leseni ya kompyuta nyingi zinazouzwa na programu hiyo nao huwekwa humo humo. Anayeng'oa ubao, basi, hung'oa na cheti cha kuzaliwa.

Ubao mpya wa akiba kwa kawaida huja mtupu, hauna jina. Watengenezaji walilijua hilo, wakaweka njia ya fundi kuuandikia jina la kompyuta anayoitengeneza. Asipofanya hivyo, mashine nyingine hulalamika zenyewe: ThinkPad, kwa mfano, hutoa onyo namba 2200 kuwa siriali si sahihi, na namba 2201 kuwa kitambulisho chake si sahihi. Ubao uliokwisha kutumika una hatari zaidi, kwani huja na jina la mashine ulikotolewa, na pengine na nywila ya mwenyewe wa kwanza. Hapo karatasi ya chini husema hili, na kumbukumbu ya ndani ikasema lile.

Madhara yake humfika mkaguzi wa mali kwanza, naye hukuta daftarini kompyuta ambayo haimo ofisini, na ofisini kompyuta ambayo haimo daftarini. Dhamana ya kiwandani haiwezi kudaiwa kwa urahisi kwa mashine isiyojulikana. Mtandao unaopokea mashine zilizoandikishwa tu huikataa. Na kompyuta ikiibiwa, polisi watapewa nambari ambayo haimo tena ndani yake. Mwizi hahitaji msaada mkubwa kuliko huo.

Liko na zito zaidi, nalo ni amana ya wananchi iliyomo ndani. Kompyuta nyingi za leo hufunga nyaraka zake kwa kufuli la siri, kama lile la BitLocker katika Windows, na ufunguo wake hulindwa na chembe ya ulinzi iliyomo kwenye ubao mkuu au kwenye kichakataji chake. Ubao ukibadilishwa, kufuli halimtambui tena bwana wake, nalo hudai ufunguo wa akiba wenye tarakimu 48. Kama ufunguo huo haukuhifadhiwa pahala pengine, wala hakuna nakala ya nyaraka, basi kumbukumbu za wagonjwa, matokeo ya wanafunzi na hesabu za idara zimekwenda. Hata kampuni iliyotengeneza kufuli haiwezi kulivunja.

Wapo watakaosema kuwa haya ni kuongeza karatasi juu ya karatasi, na kuwa mashine ikiwaka inatosha. Hatukubaliani nao. Gari ya Serikali ikibadilishwa injini, nambari ya injini hiyo huandikwa; hakuna ofisa aliyewahi kusema kuwa gari ikitembea yatosha. Wala hatusemi kila mtu ajiandikie nambari aitakayo. Kuipa mashine jina la mashine nyingine ni kughushi, na ndiyo njia ya kusafishia mali ya wizi. Tunachodai ni kwamba mashine irudishiwe jina lake yenyewe, na mabadiliko yaandikwe.

Kwa hiyo tunazitaka ofisi zetu zizingatie mambo manne. Kwanza, kompyuta ingali nzima, mtunza bohari aandike siriali, aina na anwani za mtandao, na ufunguo wa tarakimu 48 uwekwe chini ya dhamana ya mkuu wa ofisi, si ndani ya kompyuta ile ile. Pili, mkataba wa matengenezo utamke wazi kuwa fundi ataurudishia ubao mpya jina la asili kwa njia ya mtengenezaji. Tatu, kabla ya kutia saini ya kupokea, kompyuta iwashwe na nambari iliyomo ndani ilinganishwe na ya chini na ya daftarini. Ni kazi ya dakika chache. Nne, ubao wa zamani urudishwe ofisini, kwani katika baadhi ya kompyuta nyembamba hifadhi ya nyaraka imechomelewa juu yake, na anayeuchukua huchukua na siri zilizomo.

Mafundi wetu vijana ni hodari, na wengi ni waaminifu. Lakini fundi hutenda alichoagizwa, na asiyeagiza hana haki ya kulaumu. Dhamana ni ya ofisa aliyekabidhiwa mali hiyo kwa niaba ya wananchi. Basi na alifungue daftari lake kabla kompyuta haijatoka mlangoni, na asilifunge mpaka irudi na jina lake.