Ndoto Si Ushahidi, Jamani!

Leo nasema jambo ambalo najua litawaudhi baadhi ya wadau, lakini liwalo na liwe. Mtu akiota mwenzi wake anamsaliti, kilichotokea ni kimoja tu: ameota. Basi! Hapo hakuna fumanizi, hakuna shahidi, hakuna mshitakiwa.

Nayasema haya kwa sababu nimechoka. Kila wiki gazetini tunapokea meseji za aina ile ile: "Nimeota mume wangu yuko na dada wa kazi, nifanyeje?" Na majibu yanayotolewa kwenye kurasa za mapenzi, redioni na sasa YouTube ni yale yale: ndoto ni taarifa, fungua macho, kagua simu yake. Ukitoka nje, kwenye nguzo za umeme kuna vibao vya waganga wanaotafsiri ndoto na kurudisha mpenzi, namba ya simu iko chini. Mnaiona biashara hiyo? Kuota ni bure, ila kuambiwa umeota nini unalipia!

Na anayeumia si mwotaji. Mtaani kwetu kulikuwa na binti wa kazi, ametoka Singida, amefanya kazi miezi kumi na moja bila lawama. Asubuhi moja mama mwenye nyumba akaamka na ndoto yake. Kufika saa nne binti yuko barabarani na begi, mshahara wa mwezi hajapewa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu ya msingi ya kumwachisha mtu kazi, na anayelipwa kwa mwezi apewe notisi ya siku 28. Nionyesheni kifungu kinachotaja ndoto.

Hebu tuangalie ndoto yenyewe. Mwaka 1953, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza aina ya usingizi ambamo macho hucheza haraka chini ya kope. Usingizi huo hujirudia takriban kila baada ya dakika 90, na ndoto nyingi zile za wazi wazi hutokea humo. Wakati huo sehemu za ubongo zinazohusika na hisia, hofu ikiwemo, huchangamka sana, huku maeneo ya mbele yanayopima mambo yakipoa. Kwa maneno mengine, hofu imeshika usukani na busara imelala. Anayeogopa kuachwa ataota ameachwa. Hiyo ni habari ya moyo wake yeye, si ya nyendo za mwenzake.

Kuna utafiti wa mwaka 2014 wa Dylan Selterman na wenzake kule Marekani. Waliwaomba watu walio kwenye mahusiano waandike ndoto zao kwa wiki mbili, pamoja na namna walivyoishi na wapenzi wao. Walioota usaliti waliripoti kupungua kwa mapenzi na ukaribu siku zilizofuata. Soma tena hapo! Hawakugundua kwamba wapenzi walikuwa wanachepuka. Waligundua kwamba baada ya ndoto ya namna hiyo nyumba hupoa. Sasa mtu akiamka amenuna, hasalimii, chakula hapakui, na mwenzake naye akaanza kuchelewa kurudi, mwotaji atasema "si niliona mimi!" Hakuona kitu. Alikitengeneza.

Shakespeare alilijua hili zaidi ya miaka 400 iliyopita. Katika Othello, Iago anamwambia bwana yule kwamba alimsikia Cassio akimtaja Desdemona usingizini. Ndoto ya kutungwa, na ya mtu mwingine kabisa! Othello akaipokea kama ushahidi. Mwisho wake Desdemona alinyongwa kitandani, hana kosa lolote.

Sasa niwaulize wanaoamini. Ukiota wewe ndiye unayechepuka, huwa unaamka na kwenda kuungama kwa mkeo? Thubutu! Utasema ni uchovu, au ulikula ukashiba sana. Basi kwa nini ndoto yako ikikutaja wewe ni upuuzi, ikimtaja mwenzako inakuwa hukumu?

Wengine watanijibu kwa dini. Sawa. Waislamu wanafundishwa kwamba si kila ndoto inatoka kwa Mungu, zipo za shetani na zipo za nafsi ya mtu mwenyewe, na kwamba ndoto mbaya usiisimulie. Biblia nayo, Mhubiri 5:3, inazihusisha ndoto na wingi wa shughuli. Wapi palipoandikwa kagua simu au mpige?

Kuna na yule wa "shangazi yangu aliota na ikawa kweli". Shangazi ameota mara ngapi isiwe kweli? Hizo hazihesabiwi. Na pengine kabla ya kulala alishaona dalili: fedha hazifiki nyumbani, safari haziishi. Kama dalili zipo, zungumzieni dalili hizo mchana, macho makavu. Sheria ya Ndoa ya 1971 inautambua ugoni kama moja ya mambo ya kuonyesha kuwa ndoa imevunjika, lakini ugoni wenyewe, si wa usingizini. Na kifungu cha 66 cha sheria hiyo hiyo kinasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake.

Ukiota usaliti, jiulize unaogopa nini, kisha mwambie mwenzako hofu hiyo kama hofu, siyo kama mashitaka. Na dada wa kazi mwache aendelee na kazi yake.

Naomba kutoa hoja.