Damu, Mifupa na Vyuo: Utafiti wa Pwani Una Faida Gani Kwetu?

Kwa miaka mingi sasa wataalamu wa Vyuo Vikuu, wa hapa nchini na wa ng'ambo, wamekuwa wakishuka Pwani na madaftari yao. Mmoja huja kupima damu ya watoto wetu. Wa pili huja kuchimba magofu ya miji ya kale. Wa tatu hutafuta tenzi na vyuo vya zamani vilivyoandikwa kwa hati za Kiarabu. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Swali langu leo ni hili: je, sisi wenyeji tumepona?

Kwa upande wa tiba, haki inatulazimu kukiri kwamba tumepona kwa sehemu kubwa. Kituo cha utafiti cha KEMRI kule Kilifi, kilichoanza mwaka 1989 kwa ushirikiano na Wellcome Trust na Chuo Kikuu cha Oxford, kimefanya kazi isiyo ndogo. Matokeo ya uchunguzi wa vyandarua vilivyotiwa dawa, yaliyotangazwa mwaka 1996, yalionyesha kwamba vifo vya watoto wasiotimiza miaka mitano vilipungua kwa asilimia 33, na waliolazwa hospitalini kwa malaria kali walipungua kwa asilimia 44. Haya si maneno ya vitabuni tu. Ni watoto waliookoka.

Hata hivyo, kazi hiyo hiyo ilidhihirisha kwamba daktari peke yake hatoshi. Habari za mumiani wanyonya damu ni za zamani Pwani, na mzazi anayeziamini hawezi kumtoa mwanawe adungwe sindano kwa moyo mkunjufu. Tena wachunguzi wa mambo ya jamii waligundua kule Kilifi kwamba wazazi wengi hawakutofautisha baina ya kutibiwa na kufanyiwa utafiti. Ilibidi basi kukaa na watu, kuwasikiliza, na kutafuta maneno yanayofahamika. Ridhaa bila kufahamu si ridhaa. Hapo ndipo elimu ya lugha na desturi inapomshika mkono mganga.

Sasa tutazame mifupa. Mnamo mwaka 1980 na miaka iliyofuata hadi 1988, Mark Horton alichimba Shanga, katika kisiwa cha Pate. Chini ya magofu ya msikiti wa Ijumaa alikuta alama za misikiti midogo ya miti, iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, wa mwanzo ukiwa wa karne ya nane Miladia. Maana yake ni kwamba Uislamu ulitia mizizi katika mwambao huu mapema mno kuliko wengi walivyodhani.

Kisha mwaka 2023 wataalamu, akiwemo Profesa Chapurukha Kusimba, mzaliwa wa Kenya, walitangaza katika jarida la Nature uchunguzi wa nasaba za watu 80 waliozikwa baina ya mwaka 1250 na 1800, Mtwapa, Manda, Kilwa na kwingineko. Walikuta kwamba tangu kiasi cha mwaka 1000 watu wa Afrika na wa Asia walichanganyika, na kwamba upande wa Asia ulitokana zaidi na wanaume wa Uajemi, na upande wa Afrika zaidi na wanawake. Wazee wetu waliosimulia habari za Washirazi, na wakachekwa na wasomi, hawakuwa wakizua.

Lakini tusikimbilie kutamba kwa nasaba. Mengi ya makaburi hayo yalikuwa ya watu wenye cheo, na wanyonge wana makaburi yao pia. Tena wataalamu wa lugha wamekwisha kutuonyesha kwamba Kiswahili ni ndugu wa Kimijikenda, Kipokomo na Kingazija. Ukiviunganisha vitu hivi viwili, jambo linakuwa wazi: baba alikuja na jahazi, lakini mtoto alisema lugha ya mama yake. Kipimo cha damu hakingeweza kutueleza hayo bila mwanalugha, wala mwanalugha hangeyathibitisha bila mchimbaji. Na katika dini yetu hakuna atukukaye kwa damu, ila kwa ucha Mungu.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni vyuo. Nakala ya Utenzi wa Tambuka ya mwaka 1728, kazi ya Pate, imehifadhiwa Hamburg, Ujerumani. Hati nyingine nyingi ziko London. Hatuna budi kuwashukuru waliozitunza, maana huku kwetu mchwa na unyevu havina huruma. Lakini mtoto wa Pate anayetaka kuona kazi ya babu zake asilazimike kupanda ndege. Alhamdulillahi, njia bora imekwisha kuonekana: hati za Msikiti wa Riyadha, Lamu, zilipigwa picha kwa msaada wa Maktaba ya Uingereza, na zenyewe zikabaki Lamu. Ndivyo inavyofaa kuwa kila mahali.

Naonelea mambo matatu yafanywe. Kwanza, kila mtafiti aliyechukua damu, mfupa au maneno yetu arudi kutueleza alichokiona, kwa Kiswahili, barazani na misikitini, kabla hakijawa kitabu cha bei tusiyoiweza. Pili, mwenye chuo cha kale nyumbani akubali kipigwe picha, lakini asikitoe kwa ahadi ya mdomo. Mali bila daftari huisha bila habari.

Tatu, na hili latuhusu sisi wazazi. Kijana akisema anasomea udaktari tunamfanyia karamu. Akisema anasomea historia au lugha tunamuuliza atakula nini. Tukiendelea hivyo, wanetu watajua kutibu miili yetu, na habari zetu tutasimuliwa na wengine. Elimu ni faradhi kwetu, na faradhi haiagiziwi mgeni. Wakati umefika majina ya watoto wa Lamu, Mombasa na Vanga yaonekane juu ya tafiti hizi, si chini yake katika orodha ya walioshukuriwa.