Jenereta ya Nyumbani na Uhai wa Fundi

Mwaka 2006, maji ya Ziwa Victoria yalipopungua, mitambo ya Jinja ilishindwa kukidhi mahitaji ya nchi na Kampala ikaingia katika mgawo mkali wa umeme. Serikali ilikodi mitambo ya dizeli, ukiwamo wa Lugogo, na mngurumo wa jenereta ukazoeleka madukani na majumbani.

Tangu hapo hatua kubwa zimepigwa. Bwawa la Bujagali lilikamilika mwaka 2012, na la Karuma, lenye megawati 600, likazinduliwa Septemba 2024. Aprili 2025 usambazaji wa umeme ulirejea mikononi mwa umma chini ya UEDCL. Hata hivyo, wingi wa umeme bwawani pekee hauwashi taa nyumbani. Nguzo huanguka, transfoma huungua, na dhoruba hukata nyaya. Kwa sababu hiyo jenereta ingali inahitajika.

Hatari imo katika namna ya kuiunganisha. Wapo wanaochomeka waya wa jenereta katika soketi ya ukutani ili nyumba nzima ipate mwanga. Umeme huo hauishii uani. Hupita kwenye mita hadi katika transfoma, ambayo huupandisha kutoka volti 240 hadi 11,000. Fundi aliye juu ya nguzo, akiamini kwamba laini imezimwa, aweza kuuawa na umeme uliotoka sebuleni mwa mtu.

Kinga yake ni swichi ya kubadilishia, iliyofungwa na fundi mwenye leseni, isiyoruhusu umeme wa laini na wa jenereta kukutana. Swichi hiyo ilishe njia za lazima tu. Jenereta ya kilowati 2 yatosha taa, redio, simu na jokofu dogo. Birika la umeme peke yake laweza kuimaliza nguvu yote. Aidha, mashine ikae nje, mbali na madirisha, kwani moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu.

Askari hasafishi bunduki kabla ya kuhakikisha kwamba haina risasi. Basi na asiwashe jenereta kabla ya kuhakikisha kwamba nyumba imetengwa na laini. Katika kambi zetu, ambako nyumba zimepakana, uzembe wa mmoja huwafikia wengi. Aliyekula kiapo cha kulinda raia hana budi kumlinda pia fundi aliye juu ya nguzo.