Makumbusho ya nyikani: Jengo lifichame, historia isifichwe

JEDWALI la Nne la Katiba ya 2010 liliyaweka makumbusho mikononi mwa serikali za kaunti, katika orodha moja na maktaba, sinema na michezo. Ni neno moja tu kati ya mengi, lakini kwa kaunti za Garissa, Wajir na Mandera lina uzito wa pekee. Linazua maswali mawili: nyumba ya kuhifadhi urithi wa Kaskazini Mashariki ichukue umbo gani, na ndani yake mwekwe nini?

Swali la kwanza limepata majibu ya kuvutia kwingineko, hasa katika maeneo yaliyoumbwa na volkeno. Mfano wa karibu uko Loiyangalani, Kaunti ya Marsabit, eneo ambalo enzi za ukoloni lilikuwa pamoja na Garissa na Wajir katika Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini (NFD). Huko, chini ya Mlima Kulal, ardhi imetandazwa mawe meusi ya volkeno na upepo ni nadra kutulia. Makumbusho ya Jangwani, yaliyofunguliwa Juni 2008, yamekaa juu ya jabali huku Ziwa Turkana likionekana nyuma yake. Mgeni anayesoma humo habari za Waelmolo, Warendille, Wasamburu, Waturkana na Wagabbra ageuzapo shingo tu huyaona mazingira yaliyozizaa desturi hizo. Mandhari yenyewe ni sehemu ya maonyesho.

Nchini Rwanda, kituo cha utafiti na elimu ya sokwe cha wakfu wa Dian Fossey, kilichofunguliwa Kinigi mwaka wa 2022, kilijengwa kwa mawe ya volkeno ya eneo hilo na kuzungushiwa mimea ya asili. Katika kisiwa cha Lanzarote, Uhispania, msanii César Manrique alijijengea makao ndani ya mapovu matano ya mwamba yaliyoachwa na milipuko ya karne ya 18. Nyumba hiyo iligeuzwa jumba la sanaa mwaka wa 1992.

Kenya pia ina mfano wa mkondo tofauti. Mradi wa Ngaren, uliotangazwa 2019 na mwanasayansi Richard Leakey pamoja na msanifu majengo Daniel Libeskind, ulichorwa kwa umbo la shoka za mawe za binadamu wa kale, ukichomoza juu ya Bonde la Ufa. Ulitarajiwa kufunguliwa 2024. Leakey alifariki Januari 2022, na mwaka huo wa 2024 ukapita milango ikiwa haijafunguliwa. Mchoro wa kustaajabisha huhitaji fedha za kustaajabisha. Kaunti inayojenga kwa jiwe la kwao na kwa mikono ya mafundi wa kwao hubeba mzigo ulio mwepesi zaidi.

Hata hivyo, kujifunza si kuiga. Garissa haina volkeno. Ni tambarare ya mchanga mwekundu na vichaka vya miiba, inayokatwa na Mto Tana, mto mrefu kuliko yote nchini. Kusafirisha mawe meusi kutoka Marsabit ili kupamba jengo mjini humo kungekuwa kejeli ya wazo lenyewe. Aidha, jiwe jeusi hufyonza joto la mchana na kulitoa usiku, jambo lisilo na faraja katika mji ambao joto lake huvuka nyuzi 35 mara kwa mara.

Kaskazini Mashariki ina hazina yake ya ujenzi. Wajir ina mawe ya chokaa, yale yale yaliyochimbwa visima ambavyo vizazi vya wafugaji vimenyweshea ngamia. Kuna pia aqal, nyumba ya Wasomali inayojengwa na wanawake kwa fito zilizopindwa na mikeka, kisha ikafunguliwa na kubebwa na ngamia malisho yanapokwisha. Hakuna jengo linaloafiki mandhari kuliko hilo, kwani likiondoka haliachi jeraha ardhini. Msanifu mwenye busara angeanza na kuta nene, madirisha madogo, ua wenye kivuli na ushauri wa akina mama hao. Angeuheshimu mto pia: mafuriko ya 2023 na 2024 yalikumbusha kwamba kando ya Tana si kila kiwanja ni cha kujenga.

Swali la pili ndilo gumu. Jengo linaweza kusifiwa kwa kujificha katika ardhi, lakini historia ya eneo hili imefichwa kwa muda mrefu mno. Sheria za hali ya hatari zilidumu huko hadi 1991. Novemba 1980, baada ya maafisa wa serikali kuuawa, vikosi vya usalama viliteketeza makazi ya raia mjini Garissa. Februari 1984, wanaume wa jamii ya Degodia walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, nje ya mji wa Wajir, wakazuiliwa siku kadhaa juani bila chakula wala maji. Kwa miaka mingi serikali ilishikilia kwamba waliofariki walikuwa 57. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano (TJRC) ya 2013 ilisema huenda walikaribia 1,000.

Machi 26, 2015, Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi bungeni kwa dhuluma za serikali zilizotangulia. Siku saba baadaye, magaidi walivamia Chuo Kikuu cha Garissa na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi waliotoka pembe mbalimbali za nchi. Makumbusho yatakayoonyesha vibuyu vya maziwa na kengele za ngamia huku yakinyamazia mambo haya yatakuwa pambo tu.

Wapo watakaouliza, na wana haki, kwa nini fedha zisiende kwanza kwenye visima, shule na zahanati. Mahitaji hayo hayakanushiki. Lakini kisima kinaweza kuchimbwa mwaka ujao. Ushahidi wa mzee hauchimbuliwi akishazikwa nao. Kijana aliyekuwa na miaka 20 Wagalla sasa amevuka 60. Kabla hata ya jiwe la msingi kuwekwa, kaunti zinaweza kuanza na kazi isiyo na gharama kubwa: kurekodi sauti za walionusurika, kukusanya picha na majina, na kuzihifadhi mahali salama.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Rangi ya jengo na ifanane na mchanga wa Garissa au chokaa ya Wajir, hata msafiri alipite bila kuliona. Akishaingia ndani, asikose kuyaona majina.